Maswali mnayotuuliza kila mwaka kuhusu usiku wa mishumaa wa kukumbuka wanajeshi wetu, Lanet, Nakuru

Kila Januari, watu hata hawajamaliza kuhangaika na karo, simu yangu inaanza kulia na maswali ni yale yale, kwa hivyo nimeamua niyaandike mara moja nipumzike. Sisi si jeshi, si serikali, si chama. Ni majirani tu, wajane, wastaafu wachache na vijana wa kwaya, tunakutana kwa kompaundi ya kanisa huku Lanet tunawasha mishumaa, tunasoma majina, tunaenda nyumbani. Ukiishi Lanet unajua kambi iko hapo tu, kila ploti ina mtu wa jeshi ama aliyekuwa jeshi, kwa hivyo hii kitu haikutafutiwa mahali pa kufanyika.

Kwani si tayari kuna KDF Day?

Iko, tarehe 14 Oktoba, na iliwekwa juu ya ile operesheni ya Linda Nchi ya kuingia Somalia Oktoba 2011. Hiyo ni siku ya jeshi lenyewe, kuna gwaride, kuna wakubwa, kuna maua yanawekwa. Hii yetu ni ya watu wa nyumbani, wale ambao jina la mtoto wao likisomwa kambini wao hawako, wako shambani Bahati ama wanauza mboga pale Free Area.

Mbona tarehe 15 Januari?

Ni El Adde. Ijumaa tarehe 15 Januari 2016, alfajiri, al-Shabaab wakavamia kambi yetu huko mkoa wa Gedo, Somalia, na wengi waliokuwa ndani walikuwa vijana wa 9 Kenya Rifles, hawa wa Eldoret. Rais wa Somalia wakati huo, Hassan Sheikh Mohamud, alisema waliokufa ni kati ya 180 na 200, Kenya ikakataa hiyo hesabu, na mabishano ya namba yameendelea mpaka leo. Sisi huku hatusomi namba. Tunasoma majina tuliyoletewa na jamaa, yakiwa matano tunasoma matano.

Halafu kuna tarehe 27 Januari. Mwaka wa 2016 hiyo ndiyo siku waliouawa El Adde walifanyiwa ibada kubwa Moi Barracks, Eldoret, marais watatu wakakaa mbele, Uhuru Kenyatta, Buhari wa Nigeria na huyo wa Somalia. Mwaka mmoja baadaye, tarehe hiyo hiyo 27 Januari, 2017, kambi yetu ya Kulbiyow, huko huko Somalia, ikavamiwa. Kuna mama huku kwetu ambaye Januari yote hapiki chapati, anasema huo mwezi ulishaharibika, na hakuna mtu humwambia asahau.

Tarehe haisongeshwi hata ikiangukia Jumanne. Kila mwaka mtu ananiambia tusogeze hadi wikendi watu wawe wengi. Hapana.

Nifike saa ngapi?

Geti inafunguliwa saa kumi na moja jioni. Jaribu uwe umeketi saa kumi na mbili na robo, jua linazama kama saa moja kasorobo, na tunaanza giza likianza kuingia. Saa mbili tumemaliza. Kama unatoka mjini kumbuka ile barabara ya Nairobi saa hizo inavyokuwa, na ukitoka Kisumu tafadhali usipange kurudi usiku huo huo, tafuta mtu akulaze, ama tuambie mapema tukutafutie, wako watu hapa wenye kitanda cha ziada.

Kwa nini isiwe Nyayo Gardens pale mjini, watu wote waone?

Tuliulizana sana hiyo. Sheria ya mikutano ya hadhara inataka umwandikie OCS, mkuu wa kituo cha polisi, siku kati ya 3 na 14 kabla, na mkutano wenyewe uwe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Sasa mshumaa wa saa tisa mchana ni wa nini? Ibada ndani ya kompaundi ya kanisa haina hiyo shida, lakini bado huwa tunaenda kumjulisha OCS kwa heshima, na mara nyingi yeye mwenyewe hutuma askari wawili wakae getini. Na kusema kweli, wajane wenyewe walikataa mjini. Walisema hawataki kulia mbele ya watu wanasubiri matatu.

Nivae nini?

Nguo ya heshima, na JAKETI. Watu wanadhani Januari ni joto, mchana ni kweli, lakini jua likishuka upepo unatoka upande wa Menengai na vumbi lake (si wanasema jina Nakuru ni la Kimaasai, mahali pa vumbi, waliopaita hivyo walikuwa wamesimama hapa Januari). Rangi si lazima iwe nyeusi.

Kitu kimoja hatutanii nacho: usivae kombati, hata kofia, hata suruali ya jungle uliyonunua mtumba ukiona ni fasheni. Sheria ya KDF ya 2012 inakataza raia kuvaa nguo za jeshi na unaweza kushikwa. Halafu fikiria mama ambaye mara ya mwisho kuona hiyo nguo ilikuwa kwa kijana wake akipanda basi, anageuka gizani anakuona wewe.

Niko na medali za babangu, naweza kuvaa?

Vaa. Mwenye medali yake huvaa kifua cha kushoto, juu ya moyo. Jamaa akivaa ya marehemu anaweka kulia. Ndio watu wakiangalia wanajua bila kuuliza. Ukiwa na mbili tatu kwa kopo na ribini zimeoza, zilete hivyo hivyo, kuna mzee mmoja mstaafu anajua kuzishona.

Mishumaa mnatoa ama nikuje na wangu?

Tunatoa, ile ya kawaida ya dukani, nyeupe. Lakini ukiweza kuja na wako njoo nao, watu huzidi. Sasa nisikilize hapa kidogo juu hapa ndipo tunaharibikiwaga kila mwaka.

Moja, upepo. Chukua kikombe cha karatasi, kile cha chai, toboa chini, pitisha mshumaa kutoka chini ili moto ukae ndani ya kikombe lakini uwe chini ya ukingo kidogo, na nta ikimwagika inabaki ndani badala ya mkononi. Kikombe cha plastiki usilete, kinayeyuka, tumeona. Chupa ya soda ama ya maji iliyokatwa pia hapana.

Mbili, kupeana moto. Mwenye mshumaa unaowaka ANASIMAMISHA wake wima, asiuinamishe. Yule ambaye wake haujawaka ndiye anainamisha. Ukiinamisha unaowaka, nta moto inamwagikia mwenzako, na mwaka jana mwingine nilipiga kelele mimi mwenyewe katikati ya dakika za kimya nikaona aibu mpaka leo.

Tatu, nywele. Dada zangu wenye braids na weave, zifungeni nyuma. Hizo nywele zinashika moto haraka kuliko karatasi na mtu aliye nyuma yako ameshika mshumaa kwa urefu wa shingo yako.

Wako ukizimika, usianze kutafuta kiberiti na kuwasha tochi ya simu. Subiri tu, jirani atakuona.

Watoto?

Lete. Chini ya miaka kama minane hivi mpe ile taa ya betri inayofanana na mshumaa, wanapenda hata kuliko moto. Akilia hakuna shida, hapo kila mtu analia.

Mpango wenyewe unaendaje?

Tunaanza na wimbo wa taifa, beti zote tatu, na kwa Kiswahili. Wengi wanajua wa kwanza tu, wa pili wanaanza kutingisha midomo, kwa hivyo nenda ukajikumbushe Amkeni ndugu zetu kabla hujakuja. Halafu maombi mafupi, pasta na shehe, kila mmoja dakika tatu na nina saa mkononi.

Halafu mshumaa wa kwanza. Unawashwa na mjane ama mzazi, si mgeni wa heshima. Moto unatoka kwake unapita kwa mstari mpaka nyuma, na taa za umeme zinazimwa. Hapo ndipo majina yanaanza. Kila jina linasomwa na mtu wa nyumba hiyo akiweza, asipoweza tunamsomea, na hatutangulizi cheo. Wazee wastaafu walibishana sana juu ya hiyo, walitaka Koplo fulani, Sajini fulani, kwa mpangilio, na ninawaelewa, jeshi ni cheo. Lakini akina mama wakasema sisi hatukuzaa koplo. Wazee wakanyamaza.

Baada ya majina tarumbeta inapiga Last Post, ule wimbo wa jeshi wa kuaga waliokufa, kimya cha dakika mbili, halafu tarumbeta tena ile ya kuamsha. Mpiga tarumbeta ni mstaafu, meno yake mengine hayako na noti zingine anakosa, usicheke.

Hakuna hotuba.

Hata mheshimiwa akija?

Hata akija. Anakaribishwa, anapewa mshumaa kama wewe, anasimama. Kuna mmoja aliwahi kuja na spika zake mwenyewe kwa gari, tukamwomba aziache kwa gari, hakufurahi na hajarudi.

Mwili wa ndugu yetu haukupatikana vizuri, tulingoja DNA muda mrefu, wengine kwetu wanasema bado hatujamzika vizuri. Tunaruhusiwa kuleta jina?

Leta. Ni kama hiyo hiyo ilitufanya tuanze.

Hili swali linakuja sana kutoka Siaya, Kisumu, Busia, na nitajibu kwa urefu. Watu wa Nyanza walishalijibu zamani kabla ya DNA. Mjaluo akipotea, labda ameenda majini ziwani ama vitani na mwili haukurudi, wazee walikuwa wanachukua tunda la yago, lile refu zito linaning'inia kwa kamba kama soseji kubwa, wanalizika mahali pake, kaburi linakuwa kaburi. Mtu asiyezikwa ni deni nyumbani, na yago lililipa. Mzee mmoja wa Ugenya aliniambia babu yake alienda na Keya, hivyo ndivyo walikuwa wanaita KAR, King's African Rifles, jeshi la mkoloni, hakurudi, na kaburi la yago liko mpaka leo nyuma ya nyumba na watoto wanakatazwa kulichezea.

Na hao wa Keya walikuwa wengi. Februari 1944 meli iliyoitwa Khedive Ismail ilitoka Mombasa ikaelekea Ceylon, Sri Lanka ya leo, na tarehe 12 ikapigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldives, ikazama kwa dakika chache tu, watu 1,297 wakafa. Ndani kulikuwa na kikosi kizima cha mizinga cha Afrika Mashariki, 301st Field Regiment. Hao hawana kaburi popote, majina yao yako kwa ukuta wa ukumbusho pale makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi. Kama kwenu kuna babu wa Keya aliyepotea baharini, nenda siku moja uangalie huo ukuta.

Kwa hivyo mwili usikuzuie. Jina linatosha.

Na wale wa vita vya kwanza, akina Kariokor, hao si mnawasahau?

Hapo umenishika. Kariokor ni Carrier Corps, wabeba mizigo, walichukuliwa vijijini kwa maelfu, Kavirondo yote hii ya Kisumu na Kakamega, wakabebeshwa risasi na chakula mpaka Tanganyika, na wengi hawakuuawa na risasi, waliuawa na kuhara, malaria na njaa. Mwisho wa vita makaburi yao hayakuandikwa majina. Aprili 2021 tume yenyewe ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikakiri kwamba angalau watu 116,000, na pengine hadi 350,000, hawakuandikwa kwa jina ama hawakukumbukwa kabisa, na wengi wao ni wa Afrika Mashariki na Misri. Wakaomba msamaha. Miaka mia moja na kitu.

Sisi tunawawashia mshumaa mmoja bila jina, unawekwa chini, hakuna anayeushika. Ukijua jina la wako, hata la utani, hata kama ni la babu wa babu, ulete, tutalisoma.

Siku ya Novemba yenye maua mekundu ni hii hii?

Hapana, hiyo ni Remembrance, Jumapili ya pili ya Novemba, inatokana na vita vya Ulaya kuisha tarehe 11 Novemba 1918 saa tano asubuhi. Ua linaitwa poppy, lilikuwa linaota kwa mashamba ya vita Ubelgiji na Ufaransa. Karibu na sisi, makaburi ya vita ya Gilgil ni mahali patulivu sana pa kwenda hiyo siku. Ila huku kwetu vita havikuisha tarehe 11, habari zilichelewa kumfikia kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, porini, alisalimu amri tarehe 25 Novemba, huko Abercorn ambayo sasa ni Mbala, Zambia. Yaani wabeba mizigo wetu walibeba wiki mbili zaidi ya wenzao. Poppy ukitaka kuvaa Januari vaa tu, hakuna atakayekuuliza.

Mimi ni Muislamu / kanisa letu haliamini mishumaa.

Usishike. Simama tu. Wako ndugu wa Bondeni wanakuja kila mwaka, wanasoma Fatiha kimoyomoyo na kuinua mikono, na wako wengine makanisa yao yanasema mshumaa ni wa kuita mizimu. Sisi hatuiti mtu. Mshumaa ni ili uone karatasi ya majina, wenye upole huelewa hapo. Kwa wale wa ziwani si jambo geni, mzee akifa moto wa magenga unawashwa nje na watu wanaukalia usiku, huu ni ule ule ila mdogo.

Ndugu yangu alikuwa polisi, si jeshi.

Jina lake linasomwa. Baragoi, Novemba 2012, polisi zaidi ya 40 waliuawa siku moja wakifuata ng'ombe walioibwa. Haiti pia imeshachukua polisi wetu waliotumwa huko, wa kwanza kuuawa ilikuwa Februari 2025. Mjane hajui tofauti ya yunifomu.

Na aliyekufa kwa ajali, si vitani?

Pia. Jenerali Ogolla hakufa vitani, helikopta ilianguka Elgeyo Marakwet tarehe 18 Aprili 2024 yeye na wengine tisa, na huyo ndiye alikuwa mkuu wa majeshi yote. Alizikwa Ng'iya, Siaya, siku tatu baadaye, bila jeneza kama alivyotaka, na nakumbuka watu wa huko Nyanza walivyoshangaa, mtu mkubwa hivyo na mazishi madogo hivyo. Siku hiyo tulisoma majina yote kumi. Watu huwa wanakumbuka moja.

Naweza kupiga picha na vidio?

Kabla ya mshumaa wa kwanza piga unavyotaka, isipokuwa usielekeze kamera upande wa kambi. Ukiwashwa, simu mfukoni. Sura ya mama akilia si yako ya kuweka kwa status. Kuna kijana mmoja wa kwaya anapiga picha chache kutoka nyuma, migongo na mishumaa tu, na tunazituma kwa WhatsApp kesho yake.

Nitawaambia nini hao wafiwa? Naogopa kukosea.

Pole mama. Pole baba. Inatosha kabisa, na ukikosa hata hiyo, shika mkono wake kwa mikono miwili. Yaliyokatazwa ni rahisi kuyajua: usiulize alikufaje, usiseme ni mapenzi ya Mungu, na usiulize walilipwa pesa ngapi. Utashangaa hilo la tatu linaulizwa mara ngapi, tena na watu wa ukoo. Kitu wanachopenda kuulizwa ni alikuwa mtu wa aina gani. Muulize kama alipenda mpira. Utapata hadithi mpaka saa nne usiku na matatu zitakuacha.

Kuna mchango?

Hakuna. Mtu akikuitisha pesa kwa jina letu huyo ni mwizi. Ukitaka kusaidia leta vikombe vya karatasi, mishumaa ama maziwa ya chai.

Mvua ikinyesha?

Januari? Ikinyesha tunaingia ndani ya kanisa.

Vipande vya mishumaa vinavyobaki mnavifanyia nini?

Kuna shosho mmoja wa Kiamunyi hubaki nyuma na kopo la Kimbo akiviokota chini ya viti, kimoja kimoja, mpaka tunamwachia taa. Nilidhani ni vya kuuza. Nilipomuuliza akasema kijana wake alikuwa anaogopa giza alipokuwa mdogo, na stima ikipotea kwake huwa anawasha kimoja kwa chumba chake, hata kama hakuna mtu analala huko. Kwa hivyo usitupe chako. Weka kwa kiti.